Tumbo linawaka moto miezi mitano, nimepewa unga wa Kihindi, niendelee nao?

Fundi Cherehani: Habari zenu wakuu. Kuanzia chembe ya moyo mpaka kooni panachoma, usiku ndo balaa, nabeua maji machachu naamka nakaa kitandani kama mlinzi. Sasa kuna mama wa Kihindi namshonea nguo hapa Kisutu, nikamwelezea, akasema kwao hiyo ni amlapitta, yaani asidi ya tumbo kuzidi, eti pitta, ule moto wa mwili kwenye tiba yao, imezidi mwilini, akaniletea unga unaitwa avipattikar nilambe kijiko cha chai kabla ya kula. Moto ulipungua kweli ila siku ya kwanza tu nimeenda chooni mara nne, suruali ya mteja ikabaki mguu mmoja mashineni. Ndo dawa inafanya kazi au naumia? Chakula cha usiku nakula saa nne, chipsi mayai na pilipili kisha nalala. Halafu mgongo unanisumbua, nameza diklofenaki karibu kila siku.

Mzee wa Kahawa: Chipsi saa nne usiku na unamsingizia pitta 😂

mama wawili: Pole kaka. Huo unga una trivrit, ni mzizi wa kuharisha, ndo maana ulikimbia, na sukari yake si ya kitoto, mwenye kisukari asiuguse. Mi kilichonisaidia kwenye Ayurveda, hiyo tiba ya jadi ya Kihindi, ni mambo ya kula tu, mlo mzito mchana, usiku kidogo na mapema, siki na pilipili nikaweka pembeni. Nachemsha giligilani, binzari nyembamba na shamari, nusu kijiko kila kimoja, nachuja nakunywa vuguvugu. Tumbo linatulia, gesi inashuka, ila sikudanganyi kwamba inaponya vidonda.

Mtu wa Famasi: Mkuu acha hiyo diklofenaki kwanza, inakwangua tumbo, mwone daktari akupe kingine cha mgongo. Halafu kapime H. pylori, bakteria anayeleta vidonda vya tumbo, kipimo cha choo kinatosha, ila kama unameza omeprazo, ile dawa ya kupunguza asidi, isimamishe wiki mbili kabla maana majibu yanaweza kudanganya. Akionekana huyo bakteria ni antibayotiki, hakuna unga wa kumtoa. Na ukiona choo cheusi kama lami, unatapika damu au unakonda bila sababu, usisubiri ushauri wa humu, nenda hospitali siku hiyohiyo.

mama wawili: Na wakikupa mulethi, ule mzizi mtamu wa urukususu, kama una presha kataa, unaipandisha.

Mtu wa Famasi: Kweli kabisa. Pia zile dawa zao zenye neno bhasma zinatengenezwa kwa madini, zipo zilizokutwa na risasi na zebaki, usinunue kiholela.

Fundi Cherehani: Asanteni sana. Omeprazo sijaigusa kwa hiyo kesho asubuhi naenda kupima. Swali moja tu, maziwa baridi je? Yule mama anasema yanazima moto.

Mtu wa Famasi: Yanazima kwa muda mfupi, baadae tumbo linamwaga asidi zaidi. Inua kichwa cha kitanda kwa matofali, na ukimaliza kula usiinamie cherehani hapohapo.

Mzee wa Kahawa: Na ile suruali mmalizie mwenyewe.