Ripoti imeandikwa ME2, wewe unaisomaje? Tupeane uzoefu

Wazazi wa Nairobi, shule zimefungwa na ripoti ziko mezani. Sisi wa 8-4-4, mfumo wa zamani, tulizoea alama 500 za KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho 2023, na swali la kila shangazi: "Umekuwa nambari ngapi?" Sasa, kwenye mtaala mpya wa CBC, ni viwango vinane: EE (amezidi matarajio), ME (amefikia), AE (anakaribia) na BE (yuko chini), kila kimoja kikiwa na 1 na 2. Leteni yenu.

Mama Pacha, Umoja: Wangu wako Gredi ya 8. Hisabati mmoja alipata 58, mwenzake 57. Basi huyu ME1, yule ME2, na nyumba haikukalika wiki nzima kwa alama moja! Kumbe hata wa 41 ni ME2. Siku hizi naitisha karatasi yenyewe. Wa 57 hesabu za sehemu anazimudu vizuri, jiometri ndiyo hakugusa. Hilo ripoti haikuniambia.

Mwalimu, Kayole: Mama Pacha umenena. EE1 ni 90 kwenda juu, EE2 75–89, ME1 58–74, ME2 41–57, AE1 31–40, AE2 21–30, BE1 11–20, BE2 chini ya hapo. Pointi zinashuka kutoka 8 hadi 1. Mtoto anapimwa kwa lengo la somo, hapimwi kwa jirani yake, kwa hiyo darasa zima laweza kufikia matarajio. Bado kuna wazazi wananivuta kando langoni wakitaka nambari. Sina!

Baba Donholm: Mimi zile EE za miradi siziamini sana. Hapa mtaani saiba, duka la kompyuta, inauza mradi uliokamilika, na gundi haijakauka. Na tathmini za shule ni asilimia 20 ya alama za kuingia sekondari ya juu. KPSEA, mtihani wa Gredi ya 6, ni 20, na KJSEA, wa Gredi ya 9, ni 60.

Kasarani Mzazi: Nina wa Fomu 4, mwaka wa mwisho wa sekondari ya 8-4-4. Huko bado ni A pointi 12 hadi E pointi 1, na C+ ndiyo mlango wa digrii. Shuleni kwao A ya Hisabati huanzia 80, kwa binamu yake 70. Wote walipata 74: mmoja akachinjiwa kuku, mwingine akahutubiwa.

Mama Pacha, Umoja: Kasarani, nani alihutubiwa? 😂

Kasarani Mzazi: Wangu. Kuku tulienda kula kwa shangazi yake.