Hilux ya kilomita 214,000, "injini haijawahi kufunguliwa": nikague nini kabla ya kulipa?

MbebaTani
Wakuu, naomba ushauri. Nimepata Hilux ya 2010, gia za mkono, injini ya dizeli 1KD-FTV ya lita 3.0. Odometa inasoma 214,000. Muuzaji anajisifu kwamba injini haijawahi kufunguliwa, na chini ya boneti kila kitu kinang'aa. Kazi yake ni mzigo wa karibu tani moja, vumbi na vilima. Nina siku moja ya ukaguzi na fundi atakuwepo. Nianzie wapi, na nikiona nini niondoke bila hata kujadili bei?

SpanaKumiNaMbili
Mkuu, "haijawahi kufunguliwa" kwenye injini nyingine ni sifa. Kwenye 1KD ni kengele.

Kwanza taimingi beliti, ule mkanda unaofanya valvu na pistoni ziende pamoja. Ratiba yake ni kila kilomita 150,000, kwa hiyo hapo ulipo ilitakiwa iwe imeshabadilishwa mara moja. Usidanganyike na taa ya T-BELT kuwa imezimwa. Taa hiyo hurudishwa sifuri kwa kitufe cha dashibodi bila mtu kugusa beliti. Dai risiti, au fungua kifuniko cha beliti muione. Ikikatika, valvu zinapigana na pistoni.

Pili, na hapa ndipo 1KD nyingi hufia, washa (pete za kuzibia) za shaba zilizo chini ya nozeli zinazonyunyiza dizeli. Zikichoka, gesi ya mwako hupenya pembeni ya nozeli. Nozeli za injini hii zimefunikwa na kava ya valvu, kwa hiyo gesi haitoki nje uisikie, inaingia moja kwa moja kwenye oili. Masizi yanageuka lami, yanashuka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na kuziba chujio la kufyonzea oili. Presha ya oili inashuka, tabo (feni inayosukuma hewa kwenye injini) na beringi za krenki zinakauka, na gari linakufa ghafla huku kijiti cha kupimia kikionyesha oili imejaa. Kama kweli hakuna aliyewahi kufungua, washa hizo ni zile zile za kiwandani.

NozeliNne
Naongezea upande wa kuwasha. Mwambie muuzaji mapema asiliwashe kabla hamjafika, halafu msimwamini. Chomeka mashine ya kusomea kompyuta ya gari, fungua swichi bila kuwasha injini, soma joto la maji na joto la hewa inayoingia. Gari lililolala usiku mzima husoma namba mbili zinazokaribiana. Maji yakiwa juu kwa nyuzi 15 au zaidi, lilipashwa moto kabla hamjafika. Rudini kesho.

Likiwashwa, mmoja asimame nyuma. Moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli, injini ikitetema na kugonga kwa nusu dakika kisha ikitulia, hiyo ni nozeli, au kompresheni (mgandamizo wa hewa) iliyoshuka kwenye silinda moja. Bluu ni oili. Mweusi kidogo ukikanyaga resi ghafla si ajabu, ila ukiendelea huku gari limetulia kwenye mwendo mmoja, tafuta nozeli, hewa inayovuja kati ya tabo na injini, au chujio la hewa.

Injini ikishapata moto, fungua ukurasa wa masahihisho ya nozeli. Kompyuta inaonyesha kila silinda inaongezewa au kupunguziwa dizeli kiasi gani ili sailensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga resi) isitetemeke. Nne zote karibu na sifuri, vizuri. Moja ikikimbia mbali na wenzake, hiyo ndiyo mgonjwa. Angalia pia kama kumbukumbu ya makosa imefutwa karibuni: mashine nyingi huonyesha kilomita tangu kufutwa. Ukikuta kilomita 12, mtu amekuwa akificha taa.

RejetaBaridi
Hamjagusa maji, na huyu anabeba tani vilimani. Fungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa BARIDI. Unataka kuona kulanti yenye rangi yake. Maji matupu yenye kutu ni historia ya gari lililoachwa linachemsha. Mafuta yakielea juu, funga boneti.

Kisha rudisha kifuniko, washa, shika mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu kama fimbo ndani ya dakika moja au mbili, kabla maji hayajapata moto, gesi ya silinda inaingia kwenye maji: gasketi ya silinda hedi, au hedi yenyewe imepasuka. Fundi mwenye kifaa chenye kimiminika cha bluu cha kupima gesi kwenye rejeta atamaliza ubishi kwa dakika kumi.

Kung'aa kwa injini sikupendi. Ikioshwa, ushahidi wa kuvuja unaondoka na maji. Dawa ni kuliendesha dakika 40, kupanda mlima gia ya juu kwa mzunguko wa 1,500 hivi na resi hadi chini, kisha kulala chini yake na tochi.

MbebaTani
Asanteni sana wakuu. Je, kupima kompresheni ni lazima? Na oili yake ni nyeusi tii, hiyo ni dalili mbaya?

SpanaKumiNaMbili
Oili nyeusi kwenye dizeli ni kawaida, hubadilika siku chache tu baada ya sevisi. Oili safi kama asali ndiyo ya kuuliza, imemwagwa lini na kwa nini? Kibaya ni oili nzito ya kunata, au kiwango kilichopita alama ya juu na kunuka dizeli. Hapo dizeli inavujia kwenye sampu na oili imekuwa nyepesi.

PistoniYaPili
Kompresheni ni kipimo kizuri, lakini kwa dizeli hupitia tundu la hita plagi, na plagi iliyokaa miaka 15 hukatikia ndani ya hedi. Muuzaji akikataa, ana haki yake. Akikubali, geji iwe ya dizeli: injini nzima kwa kawaida hutoa psi 350 hadi 450, geji ya petroli haifiki huko. Tofauti kati ya silinda ya juu na ya chini ndiyo hukumu, isizidi asilimia 10 hivi.

Njia isiyovunja kitu: injini ikiwa na moto, kwenye sailensa, legeza kifuniko cha oili kikae tu juu ya tundu. Kikicheza cheza, sawa. Kikirushwa, na moshi ukitoka kwa mapigo kama garimoshi, ringi za pistoni zimechoka, au washa za nozeli zinapitisha gesi. Ringi zikiwa ndizo, hilo ndilo la kuondokea bila kujadili bei, pamoja na gesi kwenye maji. Beliti, washa na hata nozeli ni gharama unazoweza kukata kwenye bei.

RejetaBaridi
Na mlio mzito chini ya injini ukikanyaga resi ikiwa na moto. Hizo ni beringi, ondoka.

MbebaTani
Kuna Hilux nyingine ya zamani yenye injini ya dizeli iitwayo 5L. Je, ni salama zaidi?

NozeliNne
5L haina tabo wala nozeli za umeme, pampu ni ya kimakanika, kwa hiyo magonjwa ya masizi na kompyuta hutayakuta. Ila nayo ina taimingi beliti, ya kilomita 100,000, na hedi yake haipendi kuchemsha. Kwa tani moja mlimani utapanda taratibu sana. Mpime mpira wa rejeta vile vile.

SpanaKumiNaMbili
Mkiamua kubaki na 1KD, mwombe muuzaji mmwage oili kwa gharama yenu. Kabla ya kurudisha bolti, fundi apitishe kamera nyembamba kwenye tundu la kumwagia atazame wavu wa chujio. Matundu yakionekana wazi, endeleeni na bei. Yakiwa yamefunikwa na lami, msiliwashe tena. Wekeni oili mpya, filta mpya ya oili, mwachieni gari lake.