Mdogo wangu hapa Lamu yuasema kura ni bure, dawa ni mapinduzi tu. Nimwambieje?

DadaWaLangoni:
Assalaam aleikum jamaa. Naomba ushauri, bila matusi tafadhali. Mdogo wangu ana miaka 23, amemaliza diploma ya umeme, huu mwaka wa pili yuko nyumbani. Bandari twaiona kwa macho, kazi hatuioni. Tangu Juni 2024 amebadilika. Yuasema vijana walikufa maandamanoni, Mswada wa Fedha, ule wa kodi, ukaondolewa, mawaziri wakafutwa Julai 11, halafu kadhaa wakarudishwa wale wale. Kura ya 2027 hataki hata kuisikia. Jana baada ya isha akamwambia baba barazani, mbele ya watu, kwamba nchi hii haitengenei bila mapinduzi. Baba alinyamaza, akaingia ndani. Mimi nilikosa jibu, kwa sababu nusu ya anayoyasema ni kweli.

BiMkubwaMalindi:
Waaleikum salaam mwanangu. Usimkaripie. Muulize tu kama ayajua ya Unguja. Uchaguzi wa Julai 1963, chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilipata asilimia 54 ya kura lakini viti 13 kati ya 31. Walikuwa na haki ya kulalamika, siwakatalii. Januari 12, 1964 serikali ikapinduliwa, uhuru haujatimiza hata miezi miwili. Maelfu waliuawa, wengine wakakimbia na nguo za mwilini. Na kura ya vyama vingi haikurudi hadi 1995. Kijana aliyekuwa na umri wa mdogo wako siku ile, alipopata kuchagua tena alikuwa keshavuka hamsini. Hilo huwa linaniuma mpaka leo.

KijanaWaBarani:
Shikamoo Bi Mkubwa. Lakini nasi tusikizwe. Ibara ya 104 ya Katiba yatupa haki ya kumwondoa mbunge kabla ya muda wake. Ni nani ameshaondolewa hivyo? Hakuna hata mmoja. Mimi nilikuwa barabarani Juni 25, 2024, nikaona wenzangu wakibebwa. Anayetaja mapinduzi hajarukwa na akili, amechoka kungoja. Dada, ukianza kwa kumwambia amekosea, umempoteza.

NahodhaMkunguni:
Kijana, uchungu wako naujua, ila mnachanganya mambo mawili. Kuandamana kwa amani bila silaha ni haki yako, ibara ya 37. Kuunda serikali nje ya Katiba ni haramu, ibara ya 3. Ulilofanya Juni 25 si mapinduzi, na mswada ulianguka.

Dada, mpe mdogo wako habari ya makaa ya mawe. Walitaka kujenga mtambo wa umeme wa megawati 1,050 kule Kwasasi. Wakubwa wengi serikalini walikuwa upande wa mtambo. Watu wa hapa, wengi wavuvi na kina mama, wakapinga mikutanoni, wakaandamana, wakaenda kortini. Juni 2019 leseni ikafutwa, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka mmoja nyuma, Mahakama Kuu ya Malindi ilikuwa imeamuru wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya bandari. Malipo yalivutwa miaka, sifichi, na yanakera. Lakini ile hukumu ilikuwa mkononi mwetu, tukaenda nayo kila mlango. Serikali iliyoingia kwa bunduki ungeipeleka mahakama gani?

Kura peke yake haitoshi, hapo nakubaliana naye. Unapiga kura siku moja, halafu kuna miaka mitano ya kuwafuata kwenye vikao vya bajeti ya kaunti. Huko vijana siwaoni.

KijanaWaBarani:
Vikao vyenyewe hutangazwa jana yake, Nahodha.

NahodhaMkunguni:
Kweli. Na kwa kosa kama hilo hilo ndipo leseni ya makaa ilipofutwa.

DadaWaLangoni:
Shukran nyote. Nilimsomea ya KijanaWaBarani kwanza, ndipo akakaa kitako kusikiza. Ya Bi Mkubwa hakusema kitu. Ya makaa aliniuliza, kesi ile ilianza na watu wangapi, na nani aliandika barua ya kwanza? Sikujua. Nahodha, kesho baada ya alasiri utakuwepo gatini? Nimlete mwenyewe akuulize.