Bosi wa vikao vya Jumatatu, leo kanimaliza kabisa

Wakuu, mods msiunganishe huu uzi na mwingine, nina hasira zangu binafsi.

Ofisi siitaji, iko mjini hapahapa Mwanza, na huyu mtu mnamjua, yule wa suruali juu ya kitovu. Kikao kila Jumatatu saa 2 kamili. Natoka Kisesa alfajiri, kwapa la mtu usoni kwenye daladala, saa 2 kasoro niko kitini. Yeye kaingia saa 4 na ushee, chapati mdomoni, eti "akidi imetimia?" Tulikuwa tunakusubiri wewe!

Tukaanza yatokanayo na kikao kilichopita. Wino wa printa. Huo wino uko kwenye yatokanayo tangu sijaajiriwa. Daraja la Kigongo–Busisi wameanza kujenga 2020, Juni 2025 likafunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, wino bado "tunafuatilia".

Sasa saa 7 ndo tunafika mengineyo, njaa inauma, nikanyoosha mkono niseme kitu kimoja tu, ajenda ziwe zinatumwa Ijumaa tuje tumejiandaa. Akanikata: "Mwandishi wa muhtasari haongei, anaandika." MBELE YA WATOTO WA FIELD! Watu wakacheka mpaka mhasibu, na mhasibu huwa hacheki hata siku ya mshahara.

Haongei, anaandika. Na mimi kwa ujinga wangu NIKAANDIKA. Ipo namba 7.3, "mwandishi alikumbushwa kuwa haongei". Wiki ijayo itasomwa kwenye yatokanayo na msomaji ni mimi!

Ngosha_Mtata: Kwa hiyo hapa unaongea au unaandika? 😂😂

Gambuti_Moja: Una nafuu mkuu. Sisi kiwandani kikao cha kusimama, eti dakika 10, saa nzima kwenye baridi ya minofu ya sangara, yeye kavaa koti sisi meno yanagongana

Mtoa mada: Gambuti afadhali wewe meno yanagongana, mimi mdomo umefungwa kabisa. Haongei!! Mimi!!

Bibi_Vikoba: Hamjakaa vikao vya harusi nyie. Jana Nyakato wajumbe 40, waliochanga 6, mwenyekiti kaagiza sato mzima kwa hela ya michango

Ngosha_Mtata: Sato wa kukaanga au wa kuchemsha?

Bibi_Vikoba: Kukaanga, na ugali wa udaga. Kala peke yake

Mtoa mada: Jamani uzi wangu

Gambuti_Moja: 7.3 mkuu

Jiwe_la_Igogo: Huyo sato atakuwa wa kufugwa kwenye kizimba, hana ladha

Bibi_Vikoba: Nani kakudanganya? Wa kizimba ana mafuta kuliko huyo wako wa kuvuliwa

Jiwe_la_Igogo: We mama umezaliwa ziwani kweli?