Mrejesho: daladala au gari, kwa mtu mwenye wasiwasi kama mie

Asalam aleikum wapendwa, mie ndo yule niliyeuliza niendelee na daladala ya 502 kutoka Bububu, hapa Unguja, au nijilazimishe kuendesha gari ya kaka, mana kote moyo unadunda na mikono inaloa jasho.

Basi nimefanya yote mawili. Kwenye daladala kilichonisaidia khasa ni kukaa siti ya mbele na dereva. Nyuma kule unabanwa magoti, utingo anakwambia sogea kidogo, unasogea wapi sasa, na kumbe kinachonitisha zaidi si watu, ni kuona siwezi kushuka. Ikijaa naiacha ipite nasubiri nyengine. Aliyenambia nitoe pumzi taratibu kuliko ninavyoivuta, ahsante sana, mapigo yanatulia kweli, ila si palepale, lazma uvumilie kidogo.

Gari naendesha asubuhi mapema tu, kaka kakaa pembeni kanyamaza (hilo nilimuwekea sharti, akisema "breki breki" napaniki zaidi). Barabara haina neno, tabu ni vespa zinazochomoza kulia na kushoto, na Darajani, kule sokoni mjini, sigusi, pakingi ya kule hata wasiokuwa na wasiwasi inawatia wasiwasi.

Kwa hiyo mjini daladala, shamba kwa bibi gari. Mliosema niache kutoka mpaka nipoe, hapana, nilivyokuwa najifungia ndani ndo hofu ilizidi.

Kuna mtu aliuliza kuhusu usiku, usiku bado, taa za wanaokuja mbele zinanitia kiwewe.