Tupeane uzoefu: tuliokulia kando ya reli iliyokufa, tukutane hapa

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mtu wa Nachingwea, kusini mwa Tanzania, na treni ya kwetu sijawahi kuiona. Ilifungwa 1962, mama yangu akiwa bado anabebwa mgongoni. Lakini nimekwenda shule miaka saba nikipita juu ya tuta lake, na nyumbani mtu akitumwa anaambiwa "pitia relini, utawahi", kana kwamba reli ipo. Hakuna hata msumari. Kuna tuta tu, limenyooka, halina kilima, maana treni haipendi kupanda. Waendesha baiskeli wanalipenda kuliko barabara.

Kwa msioijua habari yake: baada ya vita vya pili Waingereza walitaka Tanganyika ilime karanga mpaka mafuta yabaki. Nachingwea ikawa moja ya sehemu za kulima. Reli ikaanza, na treni za mwanzo zilianzia Mkwaya, kwenye mto Lukuledi karibu na Lindi, mwaka 1949. Mpango wa karanga wenyewe ukavunjwa 1951. Reli haikuambiwa! Iliendelea kujengwa mpaka ikafika bandari mpya ya Mtwara 1954, karanga zimeshazikwa miaka mitatu nyuma. Babu yangu alikuwa kwenye genge la reli, na kila akifika hapo kwenye simulizi alikuwa anacheka peke yake mpaka anakohoa. Alisema yeye alipakia korosho, karanga alikuwa anazila kwake nyumbani.

Sasa kilichonifanya nianzishe uzi: nimewauliza wazee wengi habari za ile treni, na karibu wote hawanisimulii safari. Wananisimulia namna walivyokuwa wanaisubiri. Nani alisubiri wapi, amekaa juu ya nini, na nani. Nikataka kujua kama ni huku kusini tu au hata kwenu. Karibuni, andikeni mnavyokumbuka, urefu si tatizo.

Mtoto wa Stesheni:
Mkuu, mimi ni Mkenya, wa reli ya Nanyuki. Baba alikuwa stesheni masta kwenye kituo kimoja kati ya Sagana na Kiganjo, kwa hiyo mimi nimesubiri treni kitaaluma.

Njia ilikuwa moja, treni mbili haziwezi kupishana ila stesheni. Kwa hiyo kabla ya treni kuondoka, baba alizungusha mkono wa simu, akaongea na mwenzake wa kituo cha mbele, akahakikisha njia ni tupu, kisha akaandika karatasi ya ruhusa na kumpa dereva. Bila ile karatasi dereva hasogei, hata awe amebeba nani. Wao waliiita laini klia. Mimi mpaka nikiwa na miaka sita nilidhani Laini Klia ni mtu, tena mkubwa, maana kila siku baba alipiga kelele kwenye simu, "Nipe laini klia!" na sote tulikaa kimya tukimsubiri huyo bwana.

Tiketi zilikuwa vile vikadi vigumu vidogo, na kulikuwa na mashine ya chuma ya kugonga tarehe. Ukichomeka kikadi inalia *ka-chak*. Tulikatazwa kuigusa. Bila shaka tuliigusa. Kuna vikadi kadhaa vya mwaka ule vyenye tarehe ambazo hazikuwa zimefika.

Treni ya abiria ilipoacha kuja, baba alikuwa ameshastaafu, nashukuru Mungu. Basi iliporudishwa Desemba 2020, nikapanda kutoka Nairobi na wanangu. Tukakaribia kituo chetu, nikawaamsha wote, nikawaambia tazameni, hapo ndipo mimi... na kituo kimeshapita. Ndipo nikajua kwamba mchana sikuwahi kukiona kutoka ndani ya treni. Utotoni tulisafiri usiku. Mchana siku zote nilikuwa pale chini, naitazama ikija.

Nyanya Hodari:
Huku kwetu magharibi mwa Kenya watu husema treni ilikuwa ndiyo saa ya kijiji. Ni kweli, ila hawamalizii. Ile saa ilikuwa inachelewa. Mama akiweka sufuria motoni kwa honi ya treni, mwalimu akianza kipindi cha mchana kwa honi ya treni, sote tukachelewa pamoja na hakuna aliyejua. Nimeolewa na mtu wa mjini, mpaka leo ananilaumu. Namwambia lawama zipeleke relini.

Mwana Pare:
Sisi ni wa reli ya Tanga kwenda Moshi, sijui kama inahesabika, maana ile si tawi hasa, ni njia kubwa tangu enzi za Mjerumani. Lakini treni ya abiria iliposimama miaka ya tisini, stesheni zetu ndogo zilikufa kama zenu tu, na zilikaa hivyo zaidi ya miaka 25.

Mama alikuwa akiuza dirishani. Wale akina mama mnawajua: treni bado haijasimama vizuri, beseni lishapanda kichwani, mbio sambamba na behewa. Dakika chache tu mnazo. Ujuzi haukuwa kuuza, ujuzi ulikuwa chenji. Abiria mjanja anasubiri gadi apunge bendera ya kijani ndipo anatoa noti kubwa.

Siku moja ikawa kinyume. Mzee mmoja akatoa noti, mama anahesabu chenji, treni ikaondoka. Mama akakimbia mpaka mwisho wa jukwaa, wapi. Hela ile akaifunga kwenye pindo la kanga. Treni ikirudi kutoka juu, mama hauzi kwanza, anapita dirisha kwa dirisha akimtafuta mzee mwenye kofia ya kijivu. Safari ijayo hivyo hivyo. Wenzake wakamcheka, wakamwita mke wa treni. Wiki ya nne akakata tamaa, akanunua chumvi, akasema Mungu atawapatanisha huko huko.

Kwa hiyo mleta uzi, ndiyo, kwetu pia ni kusubiri. Mama hajawahi kupanda ile treni hata mara moja. Alikuwa na kazi nayo.

Sitaji Jina:
Mimi nitasema ambalo hamtalipenda. Nilikuwa darasa la sita, treni kwetu ina miaka haijapita, na akapita mnunuzi wa vyuma chakavu na mizani yake. Mataruma ya reli nyingi za kwetu ni ya chuma, si ya mbao, mnajua. Tulianza na vile vibanio vya kushikia reli, vidogo, vinaingia kwenye mfuko wa kaptula. Nilinunua daftari na mpira. Baadaye wakaja wakubwa na misumeno, usiku.

Sasa mnapoandika hapa kwa uchungu kwamba reli imekwisha, mimi nakumbuka uzito wake mfukoni. Tulijiambia haiji tena, kwa nini ikae bure. Mzee mmoja mstaafu alikuwa bado anatembea juu ya njia ile kila asubuhi akigonga gonga kwa nyundo, hakuna aliyekuwa anamlipa. Tulikuwa tunamsubiri apite, ndipo tunashuka.

Mzee wa Solai:
Tusiipambe sana, vijana. Tawi letu la Solai, huku Kenya, lilifunguliwa 1926, la Kitale mwaka huo huo, la Nyahururu 1929, na mengi ya matawi haya yalifuata mashamba ya walowezi. Treni haikuja kututafuta sisi. Ilikuja kuchukua mazao, na sisi tukapata nafasi ya kudandia, daraja la tatu, benchi la mbao, na masizi ya injini yanaingia jichoni. Safari ya saa mbili kwa basi ilikuwa siku nzima. Barabara zilipotengenezwa, wa kwanza kuihama treni tulikuwa sisi wenyewe, halafu malori yakachukua mzigo. Tawi fupi lisilo na mzigo haliwezi kulipia hata kokoto zake.

Nimemaliza kulalamika. Na bado nikisikia injini ya treni popote pale nasimama.

Mleta uzi:
Mzee wa Solai, shikamoo, na umesema kweli. Hata yetu ilikuja kwa ajili ya karanga.

Sitaji Jina, nimekusoma mara mbili. Yule mzee wa nyundo ningetamani kujua aliishia wapi, ukiwa tayari.

Jumapili nilikwenda kwa bibi nikamsomea uzi wote kwenye simu. Ya laini klia ilibidi nirudie. Alinyamaza muda, nikafikiri amelala, kisha akauliza: "Yule mama wa chenji alikuwa anauza nini?"

Mwana Pare:
Mwambie mayai ya kuchemsha. Na ndizi, msimu wake ukifika. Chumvi ya mayai alikuwa anaifunga kwenye vikaratasi, kila yai na chumvi yake, sisi watoto ndio tuliokuwa tunafunga.

Mleta uzi:
Nimemwambia. Anasema kwao chumvi ilikuwa ya kuomba.