Oili ya injini: 5W-30 sintetiki au 20W-50 ya kawaida?

Mtu_wa_Gia: Wakuu, kesho namwaga oili. Fundi anataka 20W-50, eti nzito, injini haitasagika. Jamaa yangu anasema 5W-30 sintetiki. Nichukue ipi?

Spana14: Gari gani? Imetembea kilomita ngapi? Inakula oili? Unaomba dawa hujataja ugonjwa.

BiMwendo: Fungua kitabu cha gari, namba imo. Injini husagika sana pale unapoiwasha ya baridi, oili ikiwa bado chini kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Nzito inachelewa kufika juu.

Kale_Dhahabu: Mimi 20W-50 miaka yote, injini kimya. Hizo 5W ni maji.

BiMwendo: Namba ya kabla ya W ni ya baridi tu. Zikishapata moto, 5W-30 na 10W-30 ni daraja moja la uzito.

Nati_Moja: Nyie bishaneni namba, mimi iliniua filta. Fundi alitoa ya zamani, mpira wake ukabaki umenata kwenye bloku, mwili wa injini. Akafunga mpya juu yake, mipira miwili. Siku ya kwanza shwari. Ya pili, niko mwendo wa 100, taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikasema sensa hiyo, nikaendelea kama kilomita mbili. Mara ko-ko-ko! Kufungua boneti, injini imelowa oili upande mzima, kijiti cha kupimia kikavu. Beringi za konrodi, zile mkono za pistoni, zimekwisha; krenki, shafti kuu ya injini, ina mikwaruzo inayoshika ukucha. Siku hizi filta ikitoka, bloku naipapasa mwenyewe kwa kidole.

Spana14: Pole sana. Taa ile ikiwaka unazima hapohapo. Na mpira wa filta mpya unapakwa oili, kisha unakaza kwa mkono, si kwa spana.

Kale_Dhahabu: Aongeze na ile dawa ya chupa, injini inatulia.

BiMwendo: Umeficha kelele tu, beringi ziko vilevile.

Dizeli_Tu: Samahani, mnamwaga kila kilomita 5,000 au 10,000? Mimi nangoja iwe nyeusi.

Spana14: Ya dizeli inakuwa nyeusi mapema mno, ni masizi. Weusi pekee haukuambii kitu. Fungua uzi wako bwana.

Mtu_wa_Gia: Asanteni. Ni 1.5 ya petroli. Kilomita sijui, mita ilisimama kabla sijainunua.

Spana14: Ilisimama au ilisimamishwa?